Kusoma sayansi ya lishe chuo kikuu: mwongozo kamili kuanzia kuchagua kozi mpaka kushika kazi

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika napata meseji zilezile, wanaobadilika ni watumaji tu. "Dada nimechaguliwa lishe, hivi ina ajira?" Mwingine ni mzazi, anauliza kama mtoto wake ataishia kuwa mpishi. Mwingine alitaka udaktari, pointi hazikutosha, sasa anaona lishe kama pole aliyopewa. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa miaka, leo naandika vyote sehemu moja, na naandika kama mtu aliyesoma hii kozi, akafanya kazi wodini, akafanya kazi na jamii, na bado anaipenda.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali. Lishe sio kozi moja. Jina linafanana lakini milango iko mingi, na mlango utakaotokea mwaka wa mwisho unakuwa umeshaamuliwa na kozi uliyoingia nayo mwaka wa kwanza. Nimeona watu wamesoma miaka 4, wamefaulu vizuri tu, alafu siku wanaenda kuomba leseni ndo wanaambiwa kozi yao haitambuliki kwa ile kazi waliyoitaka toka mwanzo. Inaniuma sana hii, maana maswali mawili tu kabla ya kujaza fomu yangetosha kuiepusha.

Kwanza ujue unaenda kusoma nini

Sayansi ya lishe inauliza mwili unakifanyia nini chakula, na chakula kinaufanyia nini mwili. Kinavyosagwa, kinavyofyonzwa, kinavyogeuka nguvu au misuli au akiba ya mafuta, na nini kinatokea kikipungua au kikizidi. Mapishi yamo ndani yake lakini ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kemia ya mwili, magonjwa, takwimu na tabia za watu.

Nikitaka mtu aelewe haraka huwa namsimulia habari ya daktari mmoja, Joseph Goldberger. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma akachunguze pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili, uliokuwa unaua watu wengi majimbo ya kusini, na wengi waliamini ni wa kuambukiza. Yeye akaona jambo moja dogo, kwamba kwenye vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili wanaougua ni wanaotunzwa, wahudumu hawaugui, sasa kijidudu gani hicho kinachagua mtu kwa cheo? Akabadilisha chakula cha vituoni, ugonjwa ukapungua. Watu wakakataa kumwamini. Mwaka 1916 yeye na wenzake, mkewe akiwemo, wakajidunga damu ya wagonjwa ili waonyeshe hauambukizi, na hakuna aliyeupata. Alifariki mwaka 1929 akiwa hajajua ni kirutubishi gani hasa kinakosekana. Niasini, yaani vitamini B3, ilikuja kutajwa kuwa ndio dawa mwaka 1937.

Kwenye habari hiyo kozi nzima imo. Kuna jicho la kuona, kuna kupima, kuna kemia, na kuna ile kazi ngumu kuliko zote ya kuwafanya watu wakubali kilichopimwa. James Lind naye, daktari wa meli za kivita za Uingereza, mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, na waliopewa machungwa na malimau wakapona ndani ya siku chache, lakini jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuifanya juisi ya limau kuwa posho ya kawaida mwaka 1795. Karibu miaka 50 jibu liko mezani. Ukiwa mtu wa lishe utakutana na hali hiyo mara nyingi, jibu unalo ila hakuna anayelifanyia kazi, kwahiyo ujiandae kuwa mvumilivu.

Hatua ya 1: chagua mlango kabla ya kuchagua chuo

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika.

Mlango wa kwanza ni lishe tiba. Huyu ni daietishani, anakaa hospitali, anahudumia mgonjwa wa kisukari, wa figo, wa saratani, mtoto njiti, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo. Mlango wa pili ni lishe ya jamii, ambapo mgonjwa wako sio mtu mmoja, ni kata nzima au nchi nzima, na kazi zako ni programu za watoto na wajawazito, sera, dharura za njaa. Wa tatu ni chakula chenyewe, yaani viwanda, ubora, usalama, lebo, urutubishaji (kuongeza vitamini na madini kwenye chakula). Wa nne ni michezo. Wa tano ni utafiti na kufundisha.

Sasa tofauti ambayo watu hawaijui ni hii, kwamba mtu wa lishe kwa ujumla na daietishani sio kitu kimoja mbele ya sheria za nchi nyingi. Chukua Uingereza, jina la daietishani linalindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo kama hujasajiliwa kwenye baraza lao la taaluma za afya, wakati jina la mtaalamu wa lishe kwa ujumla halina ulinzi huo. Marekani toka tarehe 1 Januari 2024 huwezi kukaa mtihani wa udaietishani uliosajiliwa bila digrii ya uzamili, digrii ya kwanza peke yake haitoshi tena. Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaietishani nalo limeweka kiwango cha chini cha digrii ya kwanza pamoja na saa 500 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, na nchi nyingine zinadai zaidi ya hapo.

Kwahiyo kama ndoto yako ni wodini, swali la kwanza kwa chuo ni: hii kozi ina ithibati ya bodi inayotoa leseni ya lishe tiba? La pili ni: saa za mafunzo hospitali ziko ndani ya kozi au nitajitafutia mwenyewe baadae? Usikubali jibu la mdomo la mtu wa udahili. Ingia kwenye tovuti ya bodi yenyewe utafute jina la kozi na jina la chuo kwenye orodha yao. Usipoliona, wapigie bodi. Dakika 20 hizo zinaweza kukuokolea miaka.

Kama unataka jamii au viwanda, ithibati ya lishe tiba sio lazima, na kozi isiyokuwa nayo inaweza hata kukufaa zaidi maana itakuwa na muda mwingi wa epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu, au wa teknolojia ya chakula. Hakuna mlango mdogo hapa. Ubaya ni kuingia wa tatu ukitegemea kutokea wa kwanza.

Hatua ya 2: masomo ya sekondari

Kemia na baiolojia, hizo hazina mjadala kwa vyuo vingi. Hesabu inahitajika angalau kwa ufaulu wa kawaida. Ukiambiwa uchague moja ya kutilia mkazo, tilia kemia. Watu wanadhani baiolojia ndo itawabeba, lakini mwaka wa pili ukikutana na biokemia, yaani ile kemia ya mwili, utakuta aliyeelewa kemia ogania anaelea na aliyekariri baiolojia anazama.

Kama hukusoma kemia usikate tamaa, vyuo vingi vina mwaka wa msingi au kuna njia ya kuanzia diploma. Inachukua muda mrefu zaidi, ila wanaopita huko wengi wanakuja wameiva kwa vitendo.

Hatua ya 3: kuchagua chuo

Usichague kwa jina la chuo. Pakua mtaala, yaani ile orodha ya masomo kwa kila mwaka, uisome mstari kwa mstari. Angalia fiziolojia ya binadamu ipo na ina uzito gani, biokemia iko mihula mingapi, kuna lishe katika hatua za maisha, lishe tiba, tathmini ya hali ya lishe, takwimu, usalama wa chakula, mawasiliano au ushauri nasaha. Mtaala wenye jina zuri la lishe alafu ndani umejaa masomo ya usimamizi wa hoteli, huo unakuandaa kwa kazi nyingine.

Alafu tafuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waulize vitu vya kawaida kabisa. Maabara inafanya kazi? Mnaingia nyie wenyewe au mnaangalia mwalimu akifanya? Fildi mlipelekwa wapi, wiki ngapi? Wa mwaka jana wako wapi sasahivi? Swali hilo la mwisho lina majibu mengi kuliko brosha yoyote.

Maombi yenyewe sina mengi ya kusema. Kama kuna barua ya kujieleza, usiandike "napenda kusaidia watu", kila mtu anaandika hivyo. Andika kitu ulichokiona kwa macho yako, mfano ndugu aliyeambiwa apunguze chumvi alafu hakuna aliyemwelekeza chumvi yenyewe imejificha kwenye vyakula gani, na swali ulilobaki nalo baada ya hapo.

Hatua ya 4: miaka ya chuo, na wapi watu wanakwama

Mwaka wa kwanza ni kemia, seli, anatomia, fiziolojia, misingi ya lishe. Utajisikia kama husomi lishe kabisa. Vumilia, ndo msingi huo.

Biokemia ndo mlima. Wengi wanaikariri, mzunguko wa Krebs (jinsi seli inavyochoma chakula kupata nguvu) hatua kwa hatua kama wimbo, alafu mtihani ukiuliza kwa maneno mengine wanapotea. Njia iliyonisaidia mimi ni kuchukua mlo mmoja na kuufuata. Umekula kipande cha mkate na yai. Wanga wa mkate umekuwa glukosi, glukosi imeingia kwenye damu, insulini imepanda, seli imepokea, imechomwa kupata nguvu au imewekwa kama glaikojeni kwenye ini na misuli. Protini ya yai imekuwa asidi amino, mafuta yamepita njia ya limfu kwanza kabla ya kufika kwenye damu. Sasa jiulize, huyu mtu akikaa saa 18 bila kula nini kinabadilika? Akikaa siku 5? Akiwa hana insulini kabisa? Chora kwenye karatasi kubwa, bandika ukutani, kila wiki ongeza mshale mmoja. Ukifika lishe tiba utashangaa kisukari, kwashiorkor na homa kali zote zinakaa kwenye karatasi ileile.

Maabara utajifunza kwamba hata zile namba za kwenye pakiti zina historia. Zile kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) 4 kwa gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta zinatokana na kazi ya mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Utapima protini kwa njia ya Kjeldahl, ya toka 1883. Sampuli inachemshwa kwenye asidi ya salfuriki, unatafuta naitrojeni, ukiipata unazidisha kwa 6.25 maana protini kwa wastani ina asilimia 16 ya naitrojeni. Mimi nilifanya hii kitu nikiwa naona ni adhabu, masaa mengi kwa namba moja. Alafu mwalimu akatukumbusha skendo ya maziwa ya watoto China mwaka 2008, ambapo melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, iliwekwa kwenye maziwa ili kipimo kisome protini iko juu. Watoto karibu 300,000 waliathirika na 6 walifariki. Kipimo kilikuwa kinapima naitrojeni, na watu wakaamini kinapima protini. Toka siku hiyo kila namba ninayoletewa nauliza kwanza imepimwaje.

Takwimu usiikimbie. Najua wengi wamekuja lishe wakiikimbia hesabu, lakini bila takwimu huwezi kujua kama utafiti unaoupigia debe ni wa kweli au ni kelele. Jifunze programu moja ya uchambuzi vizuri, ya bure kama R inatosha kabisa, na anza mwaka wa pili usisubiri risechi ya mwisho.

Somo nilipendalo mimi ni tathmini ya hali ya lishe, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwasababu ndo mkono wako utakuwa mwepesi au mzito maisha yote. Kuna kuhoji mlo wa saa 24 zilizopita. Inaonekana rahisi, unamuuliza mtu jana ulikula nini, unaandika. Mara yangu ya kwanza nilimhoji mama mmoja akasema asubuhi alikula mkate na yai, basi, nikaandika mkate, yai, nikaridhika. Msimamizi wangu akakaa karibu, akauliza kwa upole tu, "yai ulilipikaje mama?" Kumbe lilikaangwa. Kwa mafuta kiasi gani? Mama akamimina kwenye kijiko tulichokuwa nacho, vikawa vijiko viwili vikubwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kilokalori 120, kwahiyo nilikuwa nimepoteza 240 kwenye mlo mmoja, zaidi ya yai lenyewe mara tatu. Akauliza tena, "na mkate ulipaka kitu?" Mama hakudanganya, mimi ndo sikuuliza. Watu wanasahau mafuta, sukari, vinywaji, na vile vya kuonja wakati wa kupika, kwahiyo mahojiano mazuri yanarudi juu ya siku ileile mara kadhaa, kwanza orodha ya haraka, kisha vilivyosahaulika, kisha muda, kisha undani na vipimo, mwisho kuipitia yote tena. Na usikunje uso mtu akitaja chakula, akiona umekunja, cha pili hakitaji.

Kuna vipimo vya mwili. Mtoto chini ya miaka 2 anapimwa urefu akiwa amelala, kuanzia 2 anasimama, na tofauti ya njia hizo ni karibu sentimita 0.7, ukizichanganya bila kurekebisha unampa mtoto udumavu ambao hana au unamfichia alionao. Utepe wa kupima unene wa mkono unapita katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea, haubani wala haupwai. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, 115 mpaka chini ya 125 ni wa kadiri. Milimita 2 tu za kukaza utepe zinaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda lingine, yaani kutoka kupata matibabu mpaka kurudishwa nyumbani. Kwahiyo rudia, rudia, rudia mpaka vipimo vyako viwili vya mtoto yuleyule vifanane. Na chati za ukuaji unazolinganishia, zile za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006, zimetokana na watoto wa nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na zilionyesha kwamba watoto wadogo wakilelewa katika hali nzuri wanakua kwa namna inayofanana sana popote walipo. Mimi hilo lilinigusa sana niliposoma mara ya kwanza, na mpaka leo namwambia kila mzazi anayesema mwanae mfupi "kwasababu sisi ndo tulivyo".

Hatua ya 5: lishe tiba na fildi

Hapa ndo unaona makosa ya mtu wa lishe yanaweza kuua. Chukua mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula. Huruma inakwambia mjaze chakula. Ukimpa wanga mwingi ghafla insulini inapanda, inasukuma fosfeti, potasiamu na magneziamu kuingia ndani ya seli, damu inabaki tupu, moyo unaweza kusimama. Ndo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa na matatizo mengine anaanza na maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, akitulia ndo anahamishiwa hatua inayofuata, F-100 au chakula tiba kilicho tayari kuliwa. Namba hizo zipo kwasababu watu walijifunza kwa maumivu.

Hesabu za wodini zizoee ziwe kama kupumua. Mgonjwa mwenye kilo 60 anayelishwa kwa mrija wa puani, lengo kilokalori 25 kwa kilo, hiyo 1500 kwa siku. Chakula chako kina kilokalori 1 kwa mililita, basi ni mililita 1500. Ukikiendesha saa 20 ni mililita 75 kwa saa. Alafu angalia protini imetosha? Maji je? Dawa zinazopita mrija huohuo je? Na kama ni yule aliyekaa bila kula huanzii hapo, unaanzia chini sana huku ukifuatilia damu. Fanya mifano 50 ya hivi kabla hujaenda fildi.

Kuhusu fildi yenyewe, nisikufiche. Fildi yangu ya kwanza wiki mbili nzima nilibeba trei na kuhesabu sahani, hakuna aliyekuwa na muda na mimi. Nilikaa kimya nikidhani ndo heshima. Kosa. Wiki ya tatu nilimfuata msimamizi na karatasi yenye vitu 6 ambavyo chuo kilitaka nijue nikitoka pale, nikamwambia "shikamoo mama, naomba unisaidie nivione hivi hata kimoja kwa siku", akaisoma, akasema hakuna aliyewahi kumwonyesha hiyo orodha, na kuanzia kesho yake nikawa nazunguka naye wodini. Kwahiyo nenda na orodha yako siku ya kwanza. Nenda na daftari dogo la mfukoni, kila mgonjwa mmoja andika tatizo, ulichopendekeza, kilichotokea baada ya siku 3, bila jina la mtu. Daftari hilo ndo utaongea nalo kwenye intavyuu ya kazi.

Hatua ya 6: risechi ya mwisho

Chagua swali dogo unaloweza kulimaliza. "Lishe ya vijana" sio swali. "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi bweni wanaruka mlo wa asubuhi mara ngapi kwa wiki, na sababu wanazotoa ni zipi" hilo ni swali. Omba kibali cha maadili mapema, maana ndo kinachochelewesha watu miezi. Jaribu dodoso lako kwa watu 10 kabla ya kuanza. Na data zikikataa ulichotegemea, ziandike hivyohivyo zilivyo.

Hatua ya 7: kazi ziko wapi

Hospitali ni sehemu ya wazi lakini nafasi sio nyingi na zinahitaji leseni. Ukipata, jaribu kubobea: figo, watoto, wagonjwa mahututi, saratani. Kuna magonjwa ambayo chakula chenyewe ndo matibabu makuu. Fenilketonuria kwa mfano, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja fenilalanini, moja ya asidi amino za kwenye protini, uliotambuliwa na daktari wa Norwei Asbjørn Følling mwaka 1934, mtoto akianzishiwa mlo wenye fenilalanini kidogo toka wiki za mwanzo za maisha akili yake inakua vizuri, akicheleweshwa ubongo unaharibika. Mtu anayesimamia ule mlo miaka nenda rudi ni daietishani.

Lishe ya jamii ina waajiri wengi: serikali, mashirika yasiyo ya kiserikali, na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNICEF, WFP, FAO, WHO. Kazi nyingi ni za mikataba, mwaka mmoja mmoja, kwahiyo jifunze kuweka akiba na kuandika ripoti vizuri. Anayeandika ripoti fupi yenye namba sahihi anaitwa tena. Lugha ya pili ya kimataifa inakufungulia sana huku, na uzoefu wa dharura hata wa miezi 6 unahesabika.

Viwandani watu wanapasahau na mimi naona ni makosa makubwa. Kuna kuunda bidhaa mpya, kupima muda wa kukaa rafu, kuandika lebo, kuhakikisha madai ya "ina vitamini nyingi" yanatimiza sheria. Tume ya Codex Alimentarius toka 1963 inaweka viwango vya chakula vya kimataifa, na mtu anayeijua vizuri anatafutwa na kila anayetaka kuuza nje. Urutubishaji nao ni huku. Uswisi ilianza kuweka madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani mwaka 1924, na mwaka 1998 Marekani ikalazimisha asidi foliki kwenye unga wa nafaka uliorutubishwa, na watoto wanaozaliwa na mgongo wazi wakapungua. Aliyesimama kiwandani akahakikisha kipimo kiko sawa kwenye kila gunia amekinga watoto ambao hatawahi kuwaona.

Michezo inavutia wengi, nafasi za timu kubwa ni chache. Wengi wanaanza na akademi za vijana au jimu. Jua sheria za dawa zilizokatazwa, maana mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake hata kama kimetoka kwenye saplimenti uliyompa wewe.

Ofisi binafsi, kushauri watu kwa malipo, inawezekana ila anza ukiwa na miaka michache ya uzoefu chini ya mtu mwingine. Kuandika na kutengeneza vipindi vya afya pia ni kazi, na inahitaji watu waliosoma maana uwanja umejaa waongo. Utafiti na ualimu vinataka uzamili na uzamivu, kwahiyo ukijijua unapenda maabara, linda GPA yako (wastani wa alama zako) toka mwaka wa kwanza na ujenge uhusiano na mwalimu mmoja au wawili watakaokuandikia barua.

Utafuatwa na watu wa saplimenti wakupe kamisheni utangulize jina lako. Pesa ni nzuri na inakuja ukiwa bado hujaajiriwa, najua jinsi inavyovuta. Usikubali kuuza kitu ambacho wewe ndo unampangia mgonjwa anakihitaji au hakihitaji. Na usijiite daietishani kabla ya leseni, hata kwenye wasifu wa mtandaoni, bodi zinaangalia.

Jambo lingine halisemwi madarasani. Ukisoma chakula kila siku unaweza kuanza kuhesabu kila tonge lako, kuogopa vyakula, kujipima uzito mara tatu kwa siku. Nimeona wenzangu wawili wakififia hivyo, na mmoja tulichelewa kumuuliza. Ukijiona unaelekea huko, au ukimwona mwenzako, nenda kwa mshauri wa chuo au daktari mapema. Haikuondolei sifa ya kuwa mtaalamu hata kidogo.

Hatua ya 8: wiki hii ufanye nini

Jumatatu andika mlango unaoutaka, mmoja, na wa akiba mmoja. Jumanne tafuta bodi inayotoa leseni ya mlango huo nchi unayotaka kufanyia kazi, soma masharti yao yote hata kama bado uko sekondari. Jumatano pakua mitaala ya vyuo vitatu uiweke pembeni ya masharti hayo, uweke alama panapopungua. Alhamisi na Ijumaa tafuta watu wawili, mmoja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na mmoja yuko kazini, uwaombe dakika 15 tu, wengi watakubali. Jumamosi hoji mtu mmoja wa nyumbani kwenu mlo wake wa jana, wote, mpaka kijiko cha mafuta. Uone kama unafurahia kuuliza lile swali la tano.